Maelezo (Si Lazima)

Nchi ninayoiandika hapa haipo. Nimeshauriwa nianze hivyo, na aliyenishauri alikuwa amevaa sare. Basi haipo. Mimi ni raia wake, nimezaliwa humo, nimeoa humo, na ninatengeneza makochi humo tangu nilipoacha shule darasa la nne, lakini haipo.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna Wizara ya Kutazama na Kuridhika. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila nyumba yenye televisheni inatazama, na kila anayetazama anaridhika. Kinachotazamwa ni tamthilia moja inayoitwa Baba Bado Yupo. Ilianza binti yangu Siwema akiwa darasa la tano. Mwaka huu Siwema amepata mchumba, na Baba bado yupo.

Hadithi yake naweza kukumalizia kabla maji ya chai hayajachemka. Kuna mzee amelala kitandani, anaitwa Baba. Anaumwa, lakini ugonjwa wake hautajwi. Watoto wake wa kiume wanaingia mmoja mmoja kumshukuru kwa mema aliyowatendea. Mmoja akitoka anaingia mwingine. Baba anaitikia kwa kufumba jicho la kulia. Akifumba yote mawili, ujue ya leo imekwisha. Ni kila siku, saa kumi na moja jioni, kwa nusu saa. Tulikuwa tumefika sehemu ya elfu nne na kumi na mbili.

Kila Ijumaa kila nyumba inajaza Fomu ya Maoni na kuipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Fomu ina visanduku vitatu. Nzuri. Nzuri sana. Nimekosa maneno. Unatia tiki kimoja. Zamani waliotia tiki kwenye Nzuri walitembelewa nyumbani waeleze ni kipi walichokiona kimepungua. Waliotia Nzuri sana waliulizwa kwa upole kama hawakukiona kile kisanduku cha tatu. Baada ya hapo nchi nzima ilikosa maneno.

Chini ya visanduku kuna mstari mmoja mtupu, umeandikwa pembeni: Maelezo (si lazima). Huo mstari ndio ulioniingiza nilimo.

*

Lazima niseme kidogo kuhusu karakana yangu. Iko barazani kwangu. Makochi ya watu yanakuja, mengine yanangoja kitambaa, mengine yanangoja mwenyewe, na yakingoja watu huyakalia. Asubuhi huwezi kupata kochi tupu kwangu. Hapo ndipo mtaa wetu ulipokuwa ukisemea mambo uliyoyatazama kweli nyumbani: zile filamu za kwenye flashi, zilizotafsiriwa na watu wenye maneno mengi kuliko waigizaji.

Mteja wangu mkubwa wa kukaa bure ni Mzee Kigahe, karani mstaafu wa posta.

“Fundi,” ataanza, hata salamu hajamaliza, “jana nimeona moja ya Wakorea. Mama mkwe anammwagia mkwewe maji usoni. Hatujakaa, anammwagia tena. Maji yote yale, na sisi bomba lina wiki ya pili halijakohoa.”

“Mtafsiri nani?”

“Yule mwenye sauti ya kukwaruza. Mwizi anakimbia, yeye anasema, ‘Anakimbia huyu kama shemeji yangu akiambiwa kashike jembe.’ Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia.”

“Basi hukuona filamu, mzee wangu. Umemwona shemeji yake.”

“Na wewe huna jema. Ile niliyokuazima umeionaje?”

“Mbovu. Mtu anapigwa risasi saba anaamka kumwaga hotuba. Mimi nikijichoma sindano ya kushonea, siku nzima nimenuna.”

Ndivyo nilivyo. Filamu naipima kama kochi. Naikalia. Ikinichoma nasema imenichoma, ikibonyea nasema imebonyea. Sikusoma sana, kwa hiyo hawakupata muda wa kunifundisha namna ya kusema jambo bila kulisema.

Kuhusu Baba Bado Yupo hatukusema kitu. Hatukuwa tunaogopa, nisiwasingizie watu. Hakuna aliyekuwa ameiona. Saa kumi na moja ikifika televisheni zote za mtaa zilifunguliwa sauti hadi mwisho, na watu wakaenda jikoni. Mimi ninajua kwa sababu makochi yote ya mtaa huu yamepita mikononi mwangu, na yote yamebonyea upande unaotazama dirishani.

*

Wiki ile mke wangu, Mwatumu, alikuwa amekwenda kwa wakwe kupanga harusi. Siwema alikuwa anaolewa na muuguzi wa hospitali ya serikali, kijana mtulivu, anayekaa mji wa pili, mwendo wa nusu siku kwa basi, na harusi ingefanyika huko. Kwetu binti hatoki ndani mwenyewe. Baba yake humshika mkono, akamtoa mbele za watu, akamkabidhi kwa mumewe, akasema maneno machache. Kazi yote ya baba ni hiyo. Mengine yote mama huwa ameshafanya.

Nilikuwa namtengenezea kochi la kuanzia maisha, kitambaa cha kijani, viti vitatu. Upande wa kulia na wa kati nilikuwa nimeshafunga springi kamba. Kushoto bado.

Ijumaa ikafika, fomu ikaletwa, na anayejazaga fomu ni Mwatumu. Nikaichukua mwenyewe. Kutia tiki hakukunishinda. Nikakosa maneno kama wenzangu. Halafu nikauona ule mstari.

Katika miaka minne niliyokaa shule nimesahau karibu yote, lakini kuna jambo moja mwalimu wetu alilisema kila mtihani, akipita na fimbo kati ya madawati: usiache nafasi wazi. Hata kama hujui, andika. Nafasi wazi ni sifuri, na sifuri ni viboko.

Nikailamba kalamu. Nikaandika, herufi ndogo ndogo zienee: “Huyu Baba amelala miaka kumi na moja. Mgonjwa gani haponi wala hazidiwi. Godoro lake limebonyea kushoto. Mwamsheni. Mpeni kazi hata ya kuozesha binti. Nilisinzia mara mbili.”

Nikaipeleka kwa mwenyekiti, nikarudi kwenye springi zangu. Wala sikufikiri tena.

*

Gari lilikuja Jumanne. Lilikuwa jeupe, refu, lina bendera iliyofunikwa soksi. Makochi yangu yalikuwa yamekaliwa yote. Gari liliposimama yalibaki matupu, isipokuwa la Mzee Kigahe, ambaye goti lake halimruhusu kukimbia.

“Mimi ya jana nimekosa maneno,” alisema kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza.

Alishuka bwana mwembamba mwenye mkoba. Alijitambulisha kuwa ni Ndugu Nyakunga, Mkadiriaji Mwandamizi wa Maoni. Alitoa fomu yangu kwenye mfuko wa plastiki, kaishika kwa ncha za vidole.

“Ni mwandiko wako?”

“Wangu. Mwalimu alisema usiache nafasi wazi.”

“Mwalimu gani?”

“Ameshafariki.”

“Amewahi,” akasema, akaandika. Kisha alisimama wima, akafunga kifungo cha koti, akatazama juu ya kichwa changu kama vile kulikuwa na umati.

“Ndugu mwananchi. Katika kipindi cha miaka kumi na moja Wizara imepokea fomu milioni mia moja na arobaini. Zote zimekosa maneno. Kila mwaka Mheshimiwa Waziri anaposimama bungeni kueleza wananchi wanasemaje, anakuwa na makasha, hana sentensi. Wiki iliyopita sentensi zimepatikana. Zimepatikana sita. Zote ni zako.”

“Kwa hiyo nakwenda jela?”

“Jela wanakwenda wanaosema ovyo. Wewe umetoa maoni.”

Kumbe nimekuwa Mtazamaji wa Kwanza wa Taifa. Nilipewa cheti chenye muhuri, na askari wawili wa kusimama mlangoni. Nikauliza askari ni wa nini.

“Wa kuyalinda.”

“Yapi?”

“Maoni. Ukitoka nje utakutana na watu, watakuambia yao, yatachanganyika na yako. Wizara inayataka yako yakiwa yenyewe.” Akamtazama Mzee Kigahe. “Huyu ni nani?”

“Jirani.”

“Aondoke na kochi lake.”

“Kochi si lake.”

“Basi aondoke.”

Mzee Kigahe akaondoka akichechemea, na ndiyo ikawa mara ya mwisho mtu kukaa barazani kwangu kwa wiki mbili. Karakana ikafungwa kwa utepe. Kochi la kijani likabaki ndani ya utepe, springi za kushoto ziko nje kama mbavu.

*

Fomu yangu mpya haikuwa na visanduku. Ilikuwa kurasa nne za mistari mitupu, zijazwe kila siku.

Siku ya kwanza niliandika kwamba tamthilia inachosha. Asubuhi Ndugu Nyakunga akaja na watu wawili wamebeba masanduku.

“Umesema inachosha. Wizara imesikitika. Inaelekea hukuielewa. Humu mna sehemu zote elfu nne na ushei, utaanza mwanzo mpaka utakapoelewa.”

Siku ya pili nikaandika kwamba kwa kweli ni nzuri, nimeielewa yote, ahsante sana. Akaja akitabasamu.

“Umesema ni nzuri. Wizara imefurahi. Basi utaendelea kuifaidi, tumekuongezea saa tatu.”

Siku ya tatu nikaandika kwamba sijui. Wakaniletea daktari wa macho.

Mwatumu alikuwa amesharudi. Yeye aliruhusiwa kuingia na kutoka, kwa sababu fomu zake zote za nyuma zilionyesha hana neno hata moja. Alikaa pembeni yangu akichambua mchele, televisheni ikiunguruma.

“Baba Siwema,” akaniambia, “umejiingiza mwenyewe, sasa nakuambia namna ya kutoka. Andika kama tunavyoandika sote. Umekosa maneno. Wakuone wa kawaida, wakuache.”

Nikamuuliza Ndugu Nyakunga kesho yake. Akavua miwani.

“Fundi, nakuheshimu, kwa hiyo nakuambia wazi. Aliyewahi kuwa na maneno hayakosi. Anayaficha. Na maneno yako sasa ni mali ya umma. Kuficha mali ya umma ni miaka saba.”

“Sasa nifanye nini nitoke?”

“Utoke uende wapi?”

“Kumwozesha binti yangu. Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Siku moja tu. Jumapili nimerudi, nitatazama mpaka macho yaote ndevu.”

“Omba kwa maandishi. Eleza binti ni nani, anaolewa na nani, wapi, saa ngapi, na baba anatakiwa kufanya nini hasa. Usiache nafasi wazi.”

Nikaandika usiku na mchana kama mtu wa mtihani. Niliandika jina la Siwema, jina la muuguzi, uwanja ulipo, saa tisa alasiri. Niliandika namna baba anavyomshika binti mkono, na maneno anayoyasema. Nilieleza hata kochi. Sikuacha nafasi wazi.

*

Jibu lilikuja Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili. Ndugu Nyakunga alikuja amevaa tai. Siwema alikuwepo siku hiyo, ameruhusiwa kuja kuniaga kabla ya safari ya harusini, hina haijakauka mikononi.

“Fundi,” akasema Ndugu Nyakunga, “kuna habari moja mbaya na heshima moja kubwa. Utaanza na ipi?”

“Na mbaya.”

“Ruhusa haikupatikana.”

“Na heshima?”

Akafunga kifungo cha koti. Nilishaanza kukichukia kile kifungo.

“Mheshimiwa Waziri amesoma sentensi zako mbele ya kikao. Alizisoma mara mbili. Akasema, na ninanukuu: ‘Wananchi wamesema.’ Baba ataamka. Atapewa kazi. Ataozesha binti. Kama ulivyoelekeza.”

“Binti gani? Yule ana wanaume watupu.”

“Hapo ndipo ulipotupa shida. Miaka kumi na moja, waandishi hawakumpa binti. Kuanza kumbuni sasa kungechukua mwaka. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kuna ombi kwenye faili, lina binti, lina mchumba, lina uwanja na saa. Limejazwa vizuri kabisa. Mheshimiwa alisema hajapata kuona fomu kama ile.”

Kwenye televisheni mtoto wa sitini na mbili alikuwa anashukuru.

“Kwa hiyo harusi yangu ndiyo itakuwa mchezo?” Siwema akauliza.

“Harusi yako itakuwa harusi. Mchezo utakuja kwako.”

“Na anayenitoa ndani?”

“Baba.”

“Baba yangu huyu hapa.”

“Huyu,” akasema Ndugu Nyakunga, na nakiri alisema kwa upole, “atatazama. Asipotazama nani atatoa maoni?”

Siwema alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa ananyoosha vidole visiguse kitu, kwa sababu ya hina.

“Baba, nikatae?”

Mimi ni mtu wa kusema wazi. Lakini mchumba wake ni mwajiriwa wa serikali, na nchi yetu isiyokuwepo ina zahanati kwenye milima ambako muuguzi hupelekwa asirudi. Ndugu Nyakunga hakulisema hilo. Alifungua mkoba, akatazama karatasi fulani, akaufunga.

“Usikatae,” nikasema.

Nikamwomba Ndugu Nyakunga kitu kimoja. Kochi la binti halijakwisha. Upande wa kushoto springi hazijafungwa kamba. Anipe saa moja tu, hapo hapo barazani, askari wakinitazama.

“Wizara ina mafundi wake.”

Mafundi wa Wizara walifika mchana huo. Walizisukuma springi ndani kwa ubao, wakavuta kitambaa juu yake, wakapiga stepla. Kwa macho lilikuwa kochi zuri. Nilimwita Siwema dirishani, wakati wanalipakia.

“Wewe kaa kulia. Kila mara kulia. Kushoto asikae mtu mpaka nije nilifunge.”

“Utakuja lini?”

“Wewe kaa kulia.”

*

Jumamosi saa tisa, maana siku hiyo tamthilia ilisogezwa iendane na harusi, nilikuwa nimevaa kanzu niliyoishonesha kwa ajili ya siku ile. Sikuona sababu ya kuiacha kabatini. Ndugu Nyakunga alikuja kunisimamia mwenyewe, akakaa kwenye kochi langu, karatasi nne magotini. Hakuniuliza kanzu ya nini.

Mtaa ulikuwa kimya. Nilitazama dirishani, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: jikoni hakukuwa na mtu. Watu walikuwa mbele ya televisheni zao, wanatazama.

Ikaanza. Baba kitandani. Mtoto anaingia, badala ya kushukuru anasema, “Baba, binti yako anaolewa leo.” Baba akafumba jicho la kulia. Akafumbua. Halafu, nchi ikiwa imeshika pumzi, akaweka mguu mmoja chini. Godoro likabaki limebonyea kushoto. Nilikuwa nimesema.

Halafu wakaonyesha uwanja, na ulikuwa uwanja wenyewe, na watu walikuwa watu wetu. Nilimwona dada yangu. Nilimwona mshenga. Nilimwona Mwatumu amekaa mbele na kitenge chake cha harusi, amekaza uso. Mtangazaji akasema kwa sauti ya kutetemeka, “Na sasa, watazamaji, anaingia Baba Siwema.”

Miaka ishirini na mbili hilo limekuwa jina langu. Mke wangu ananiita hivyo, wateja wananiita hivyo. Akaingia yule mzee.

Sasa ni lazima niseme ukweli, maana ndiyo kazi niliyopewa. Alifanya vizuri. Alimshika Siwema mkono namna nilivyoandika. Alitembea polepole namna nilivyoandika. Alipofika mbele ya yule kijana alisema maneno yangu, yote, hakuruka hata moja: kwamba huyu nimemlea kwa mikono yenye sindano, ukimkuta ana kovu ujue ni la mapenzi. Mikono yake ilikuwa laini kama mkate wa maziwa. Watu walilia. Mwatumu hakulia. Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti, akamwambia aseme neno kwa Baba Siwema.

“Huyu simjui,” Mwatumu akasema, na picha ikahamia kwenye maua.

Halafu likaletwa kochi. Mtangazaji akasema ni zawadi ya Wizara. Siwema akakaa kulia. Mumewe akakaa katikati. Kushoto pakabaki, na Baba, ambaye alikuwa amechoka kwa kusimama baada ya miaka kumi na moja, akapageukia.

“Asikae,” nikasema.

“Nini?” akauliza Ndugu Nyakunga.

Akakaa. Ilipita kama pumzi tatu. Nilizihesabu. Springi ya nyuma ndiyo hutangulia. Baba aliruka juu, mikono hewani, akatoa sauti ambayo haikuwa imeandikwa na mtu. Mtaa mzima ukapiga kelele. Nilisikia nyumba kwa nyumba, watu wanacheka, wanapiga makofi, sufuria zinapigwa. Miaka kumi na moja, na yule mtu alikuwa amefanya kitu cha kweli mara moja. Siwema aliinamisha kichwa, mtandio ukamfunika, mabega yakawa yanatikisika. Sikuweza kujua kama anacheka.

Ikaisha. Ndugu Nyakunga akaniwekea karatasi na kalamu.

“Andika.”

Nilikaa na ile kalamu. Naapa nilijaribu. Nilitaka kuandika kwamba mbaya, nikaona haikuwa mbaya. Nilitaka kuandika kwamba nzuri, mkono ukakataa. Jua likatoka dirishani likapanda ukutani. Mwisho nikaandika maneno mawili.

Ndugu Nyakunga aliyasoma. Nimekosa maneno.

“Fundi, nilikuambia. Miaka saba.”

Sikumjibu. Sikuwa na la kumjibu, ndiyo yenyewe. Akanitazama usoni muda mrefu, akatazama kanzu, akachukua kalamu yake, akaandika chini ya maneno yangu: Amekosa kweli. Nimeshuhudia. Akagonga muhuri.

“Huna faida tena kwa Wizara,” akasema. “Uko huru.”

Alitoka, askari wakamfuata. Mlango hawakuufunga.

*

Basi la jioni lilikuwa limeshaondoka. Nikasema nitakwenda la asubuhi. Asubuhi, kabla sijaondoka, Mwatumu akarudi na basi la usiku, peke yake.

“Wapi Siwema?”

Alikaa kwanza, akavua viatu.

“Wamewapa nyumba,” akasema. “Ndani ya ile tamthilia. Waziri kasema nchi haijapata kufurahi vile, kwa hiyo waendelee. Watu hawaingii. Wanasema wiki moja tu.”

“Na ile tamthilia ilipoanza, miaka kumi na moja iliyopita, walisema itachukua muda gani?”

“Wiki moja tu,” Mwatumu akasema.

Sasa ni mwezi wa tano tangu harusi. Karakana imefunguliwa, makochi yamejaa watu kama zamani, na mazungumzo ni mengi kuliko zamani, kwa sababu sasa watu wanaitazama kweli.

“Jana umemwona yule binti?” Mzee Kigahe alisema juzi. “Mimi kwa maoni yangu amekonda. Na yule mume hana maneno, wangemtafuta mwenye—” Halafu akakumbuka amekaa kwa nani. Akajikuna goti. “Mimi naona amependeza,” akasema.

Makochi wanayoniletea siku hizi yamebonyea upande wa televisheni. Ni mtaa mzima. Langu pia.

Hakuna anayenilinda. Mlango uko wazi, na mara mbili nimekwenda hadi geti la ile nyumba, nikaambiwa Baba Siwema yuko ndani, mimi ni nani. Kwa hiyo saa kumi na moja nakuwa nimeshakaa, nimenawa mikono. Mwatumu anakuja na mchele wake. Siwema anaingia, anasema anayoambiwa aseme, halafu anakwenda kukaa kwenye kochi la kijani. Anakaa kulia. Wakati mwingine anaweka kiganja pale kushoto, kidogo, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Akija mgeni anamwambia, “Karibu hapa katikati.” Kushoto hakai mtu.

Ijumaa fomu inakuja, ile ya kawaida yenye visanduku vitatu. Najaza mwenyewe siku hizi. Natia tiki cha tatu. Halafu naufikia ule mstari, na kuna kitu cha kuandika, nina sentensi nzima: kamba hazijafungwa upande wa kushoto, anakuja lini fundi. Lakini nikiandika watasoma. Watapeleka mafundi wao, watalifunga, na Baba atakaa.

Mwalimu anisamehe. Naiacha wazi.